Karatasi Niliyoizungusha Ruziba

Mazungumzo yetu yalikuwa ya bure, na hilo ndilo lililowatia watu wasiwasi. Nilipopeleka barua ya kuomba ruhusa, mkuu wa mtaa aliisoma mara mbili, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, kisha akaniuliza ni shirika gani lililonituma. Nikamwambia hakuna. Akauliza ni chama gani. Nikamwambia hakuna.

"Sasa watu watakuja kusikia nini?"

"Historia ya hapa, mzee. Ziwa, safari za zamani, kazi za watu."

"Na watakunywa nini?"

"Hakutakuwa na kinywaji."

"Réunion, mkutano mzima, bila hata fanta moja," alisema, si kwangu bali kwa muhuri wake, kisha akaupiga.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nimesomea historia, na nilikuwa nimerudi kukaa kwa wazazi wangu Ngagara, kaskazini mwa mji, katika nyumba ambayo babu yangu aliipata alipokuwa karani wa serikali. Chuoni nilisoma habari za mji wangu katika vitabu vilivyoandikwa na watu waliopita hapa kwa miezi michache. Ndani yake mlikuwa na magavana, mabwana wa bandari na wamisionari. Hamkuwa na mtu aliyetengeneza mota ya boti, wala mwanamke aliyeanika samaki. Niliamini, na bado naamini ingawa kwa sauti ndogo zaidi, kwamba kosa hilo linaweza kurekebishwa na watu wenyewe wakikaa pamoja, wakasimuliana, bila kulipwa na bila kulipishwa.

Mahali tulipopata palikuwa darasa la shule ya msingi Ruziba, kusini kabisa mwa mji, hatua chache kutoka ziwani. Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo alikuwa mwalimu hapo, naye ndiye aliyeniombea ufunguo. Miaka ile ziwa lilikuwa limepanda, likaingia uwanjani, na liliporudi nyuma liliacha mstari wa matope ukutani, kimo cha goti. Mabenchi yalikuwa ya watoto, tena yamevimba kwa maji, kwa hiyo watu wazima walikaa magoti yakiwa karibu na kidevu. Tulikutana kila baada ya wiki mbili, Jumamosi saa kumi alasiri.

Kutoka Ngagara hadi Ruziba ni kuukata mji wote. Petroli ilikuwa haba, na kulikuwa na wiki ambazo mabasi hayakuonekana kabisa. Nilitembea hadi mtaa wa Asiatique, nikasimama mbele ya maduka nikitarajia gari lolote, na mara nyingi gari hilo halikuja, nikaendelea kwa miguu. Nilifika na vumbi hadi kwenye nyusi, nikafagia darasa, nikapanga mabenchi, nikasubiri. Uchovu wangu wa wakati ule ulianzia miguuni. Sikujua kwamba ungepanda.

Sitaki kusema kwamba yote yalikuwa mabaya. Mara ya kwanza alikuja mwendesha baiskeli aliyekuwa akishusha ndizi kutoka milimani, akaeleza jinsi mtu anavyoiachia baiskeli yenye mikungu mitano katika mteremko wa kuingia mjini, akibreki kwa soli ya kiatu, na wasikilizaji wote tisa wakashika mabenchi yao. Mara nyingine mama mmoja alisimulia kwamba kiboko alimfungia chooni karibu na pwani tangu asubuhi hadi adhuhuri, na kwamba majirani walimletea chai kupitia tundu la juu. Tulicheka hadi machozi. Lakini siku nyingine tulikuwa wanne, nami na mwalimu tukiwa ndani ya hesabu hiyo.

Kisha nikampata fundi.

Alikuwa mzee wa mtaa wa Buyenzi, amepita miaka sabini, aliyetengeneza mota za boti maisha yake yote. Macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alitofautisha mwanga na giza, si zaidi. Karakana ilikuwa imeshakuwa ya wapwa zake, naye alikaa mlangoni na kazi yake ikawa kusikiliza. Waliwasha injini, akaegemeza kichwa, akasema ni kitu gani kinachoumwa. Ilinibidi nimtembelee mara tatu ndipo akakubali kunijibu sawasawa.

"We binti wa Ngagara," aliniambia mara ya pili, "baba yako anajua unashinda na mafundi?"

"Anajua, mzee."

"Na ananyamaza?"

"Ananyamaza."

"Basi ameshachoka na we."

Mara ya tatu alimwomba mpwa wake azime injini, akaniambia kile alichokuwa nacho. Ujanani alikuwa fundi katika boti la mbao lililoleta unga wa muhogo na abiria kutoka Baraka, upande wa Kongo, hadi hapa. Nahodha wa boti alikuwa rafiki yake. Katika safari moja upepo uliwakamata karibu na rasi ya Ubwari. Fundi alirudi. Rafiki yake hakurudi.

"Watu walisema mi ndiye nilikata kamba aliyoshika majini," alisema.

"Na ulikata?" Niliuliza kwa haraka ya mtu aliyesoma.

"Hiyo nitasema siku yake ikifika. Na si kwako."

Aliyekusudiwa alikuwa dada wa marehemu. Yeye pia alitoka ng'ambo ya ziwa, akavuka akiwa msichana, na sasa alikuwa bibi mwenye wajukuu, akianika na kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, pale pale Ruziba. Tangu kifo kile hawakuwahi kusemezana. Nilimuuliza fundi kwa nini hakwenda kwake miaka yote hiyo.

"Kwenda namna gani? Kwa mutu mwenye msiba kama ule hauingii hivi tu, na miguu yako mwenyewe. Kunatakikana mutu wa kukutangulia, aingie, aseme, akubaliwe, ndipo na we uingie. Wale wangenitangulia mi niliwazika wote." Akanigeuzia uso. "Lakini kwenu ni shule. Shule haina mwenye nyumba. Yeye atakaa, na mi nitakaa, hakuna mugeni. Kama atakuja, nitasema."

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sasa naionea haya. Niliwaza kwamba hatimaye mazungumzo yetu yamepata sababu ambayo hata mkuu wa mtaa angeielewa.

Nilimkuta dada wa marehemu kwenye vichanja vyake, akigeuza ndagala kwa viganja. Nilimweleza. Hakuinua kichwa.

"Nani atasema?"

Nikamwambia ukweli. Alimaliza kichanja kizima kabla ya kujibu.

"Nitakuja. Lakini si kwa ajili yake. Ile ni shule ya wajukuu wangu, naingia nikitaka."

Siku ilipofika mvua ilikuwa imeanza tangu adhuhuri, nami nilidhani hatakuja mtu. Walikuja. Kwa mara ya kwanza darasa lilijaa hadi wengine wakasimama karibu na madirisha. Wapwa wa fundi walikuwa wamepata petroli, sikuuliza wapi, wakamleta kwa gari dogo la mizigo pamoja na watu wa Buyenzi waliovaa kanzu na vilemba kana kwamba wanakwenda kwenye harusi. Watu wa Ruziba walikuja wakinuka moshi na ziwa. Dada wa marehemu aliingia wa mwisho, amejifunika kitenge mabegani, akakaa benchi la mbele karibu na mlango.

Nilimnong'oneza fundi: "Amekuja, mzee. Benchi la mbele, mkono wako wa kushoto."

Akageuza uso kushoto, na hakuuondoa tena upande huo.

Mmoja wa wazee wa Buyenzi alisoma Fatiha, Wakristo wakainamisha vichwa kwa adabu, kisha fundi akaanza. Alianza mbali, na mota. Alisema mota ya zamani ilikuwa kama mke wa kwanza, inajua makosa yako yote na bado inawaka asubuhi. Akinamama wa Ruziba wakaguna, mmoja akasema, "Na mke wa pili je?" Fundi akajibu, "Huyo anataka petroli ya ng'ambo." Darasa likacheka. Nilisimama nyuma kabisa, nikiwaangalia watu ambao hawakuwahi kukaa chumba kimoja, na nikaona kwamba jambo hili lazima liwe na ushahidi.

Nilikuwa nimeandaa karatasi. Nilikuwa nimeipiga mistari kwa rula nyumbani: jina, mtaa, kazi, namba ya simu, sahihi. Kila semina niliyowahi kuhudhuria katika mji huu ilikuwa na karatasi kama hiyo; inazunguka, watu wanaandika, mkutano unakuwa umefanyika kweli. Nilitaka siku moja niweze kumwonyesha mtu kwamba walikuja. Sikuwa na nia nyingine. Nikampa mtu wa benchi la nyuma karatasi na kalamu, nikamwashiria aipitishe.

Mtu wa kwetu hakatai karatasi. Kukataa ni ukosefu wa adabu, na pia ni njia ya kuonekana. Yule bwana aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akaipitisha kwa jirani yake bila kuandika. Baada ya muda mfupi akaweka simu sikioni. "Allô? Ego, ndaje," alisema, kwamba anakuja, akainama na kutoka kwenye mvua. Jirani yake aliipokea, akaisoma, akaipitisha, kisha naye akapata simu. Halafu wawili pamoja. Sikusikia simu hata moja ikilia. Walitoka wakiwa wameinama kwa heshima, wakisema sauti ya chini na watu wasiokuwapo, na kila aliyetoka aliniangalia kidogo, bila hasira, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi.

Mwalimu alinijia upande wa ukuta. "Hiyo karatasi ni ya nini?"

"Ya mahudhurio."

"Sha, we umezaliwa wapi?"

Nimezaliwa Ngagara. Bibi yangu, hadi alipofariki, hakuwahi kumwambia mgeni tuko wangapi ndani ya nyumba. Aliyeuliza alijibiwa kwamba Mungu ndiye anajua, kisha akaletewa kiti. Chuoni nilisoma, kwa vyanzo na rejea, kazi ambayo orodha za majina ziliwahi kufanya katika nchi yetu, watu wakitolewa majumbani mlango kwa mlango. Niliandika insha juu ya jambo hilo na nikapata alama nzuri. Na bado nilipiga mistari kwa rula.

Nilianza kupita kati ya mabenchi kuitafuta karatasi, lakini ilikuwa imeshafika mbele. Dada wa marehemu alikuwa nayo mapajani. Alisoma vichwa vya safu kimoja kimoja, kidole kikifuata. Simulizi la fundi lilikuwa limeshafika Ubwari. Upepo ulikuwa umebadilika, mota ilikuwa imezima, na sauti yake ilikuwa imeshuka hadi mvua juu ya bati ikaizidi. Mama yule akaigeuza karatasi kifudifudi juu ya benchi, akasimama, akatoka. Yeye hakujisumbua na simu.

Nikamfuata uwanjani.

"Mama, rudi, tafadhali. Ile karatasi si kitu."

"Kama si kitu, mbona ina mistari?"

"Nitaichana sasa hivi."

"Mi niliandikwa mara tatu," alisema, akijifunika kitenge kichwani. Hakupandisha sauti. "Mara ya kwanza tukafungiwa kambini. Mara ya pili tukarudishwa ng'ambo. Mara ya tatu walisema ni ya chakula, na kesho yake nyumba yetu ilikuwa ya mutu mwingine. Apana, binti yangu. Jina yangu nabaki nayo."

"Mzee amekuja kwa ajili yako. Anasema na wewe."

"Anasema na mi, na ananipa kalamu? Ananiitisha shule, mbele ya watu, ili nisaini kwamba nimesikia, nimesamehe, imekwisha?"

"Si yeye, mama. Karatasi ni yangu mimi."

"Yake, yako, ni kalamu moja."

Akaenda. Nilisimama kwenye mvua muda ambao siwezi kuukadiria, nikitafuta sentensi ya kumrudisha, na sikuipata.

Nilipoingia tena, darasa lilikuwa na watu sita. Mpwa wa fundi alikuwa amelala, kichwa juu ya mikono. Mwalimu alikuwa barazani, akijaribu kuwarudisha waliosimama chini ya paa. Akinamama wawili na wazee wawili wa Buyenzi walikuwa benchi la nyuma, wakitega viganja nyuma ya masikio, kwa kuwa mvua ilikuwa imeshika bati na neno halikuwafikia. Na mbele alikuwa fundi, amegeukia kushoto, akizungumza na benchi ambalo juu yake palikuwa na karatasi tu.

"Hiyo ndiyo yote, dada yangu," alikuwa akisema. "Sina ingine."

Kisha akangoja. Alingoja kwa muda mrefu, uso wake ukiwa umeelekezwa pale pale, mikono juu ya magoti. Mwishowe akasema, "Binti. Amesikia?"

Nilikuwa nimefundishwa kujenga sentensi zisizo na kosa. "Alikaa pale pale, mzee," nikamwambia. "Benchi la mbele."

Akajifunika uso kwa viganja. Mpwa wake aliamka, akamshika bega bila kujua kumetokea nini. Wakati wa kuagana fundi aliushika mkono wangu na hakuuachia upesi. "Mungu akulipe," aliniambia. "Hata kama hakujibu. Amekaa, amesikia. Inanitosha."

Niliahirisha mazungumzo yaliyofuata, na yaliyofuata hayo. Niliwaambia watu kwamba ni shida ya petroli, na wakaniamini kwa kuwa shida ya petroli ilikuwepo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikilala mchana. Niliamka nikiwa nimechoka zaidi, nikakaa barazani kwa wazazi wangu nikitazama watu wa mtaa wakipita na madumu yao, na nilijiuliza kama kuna tofauti yoyote kati yangu na wale waliopita hapa kwa miezi michache wakaandika vitabu. Mwalimu alinipigia mara moja. "Mwanahistoria," alisema, "watoto wameuliza yule babu wa mota atarudi lini. Walikuwa wanasikiliza dirishani hadi mvua ikawafukuza." Alitaka kunitia moyo. Nilikata simu mapema.

Baada ya wiki tatu hivi nilikwenda Ruziba. Jua lilikuwa kali, na ndagala zilikuwa zimetandazwa hadi ukingo wa maji. Mama aliniona kutoka mbali.

"Umekuja na kalamu?"

Nikainua mikono yote miwili, mitupu. Akasukuma kigoda kwa mguu kuelekea kwangu, nami nikakaa. Tulikaa hivyo, yeye akigeuza samaki, mimi nikiwafukuza nzi, hadi akauliza kile nilichokuwa nakiogopa.

"Alisema nini?"

"Sijui, mama."

"Hujui namna gani? We ndiye ulimwita."

"Mwanzoni nilikuwa naifuata karatasi. Halafu nilikuwa nje na wewe. Niliporudi alikuwa amemaliza."

Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka, na haikuwa sauti ya kufurahisha. "Na wale wengine?"

"Waliobaki hawakusikia. Mvua."

"Kwa hiyo hakuna mutu hata mumoja anajua."

"Hakuna."

"Na yeye, anajua kama sikuwapo?"

Niliendelea kufukuza nzi. Akaacha kugeuza samaki, akanitazama.

"Hajui," nikasema. "Anadhani ulikaa."

"Anafikiri nilikaa pale, nikasikia yote, halafu nikanyamaza."

"Ndiyo, mama."

"Basi umenifanya mutu mubaya." Alisema polepole, akilipima jambo lenyewe. "Mutu anamwaga roho yake mbele yangu, na mi naamka naenda kulala, hata pole simpe? Miaka yote hii nimemkasirikia, lakini hiyo siwezi kufanya. Hata kwa mbwa. Umenivalisha nguo si yangu, binti yangu, na mutu kipofu anaiona kila siku."

Nilikuwa nimejiambia kwamba uongo wangu ulimwonea huruma mzee mmoja na haukumdhuru mtu. Sikuwahi kumweka huyu mama ndani ya hesabu.

"Mwambie," akasema, akarudia kazi yake. "Leo."

Nilitembea kutoka Ruziba hadi Buyenzi. Sikutafuta basi, niliona si haki kufika upesi. Fundi alikuwa mlangoni, kichwa kimeinama kuelekea injini ya pikipiki iliyokuwa ikiunguruma, na nilingoja hadi wapwa zake walipoizima. Kisha nikamwambia yote, tangu mistari niliyoipiga kwa rula.

"Benchi ilikuwa tupu?"

"Ilikuwa tupu, mzee."

"Tangu wapi?"

"Tangu upepo wa Ubwari."

Alitikisa kichwa taratibu. "Kumbe niliambia ubao."

Mmoja wa wapwa aliguna kicheko, kisha akakimeza. Nilitamani mzee anikasirikie. Angenikemea, ningekuwa na kitu cha kubeba hadi Ngagara. Alikaa tu akipapasa kipande cha chuma kilichokuwa mkononi mwake.

"Unajua kwa nini nilipenda shule yako?" aliuliza. "Nilitaka pahali nitasema, na yeye akinyamaza, nisione. Mi kipofu, lakini kwake nyumbani ningeona. Basi nimepata nilichotaka, si ndiyo?" Akatupa kile chuma kwenye debe. "Shuleni sitasema tena."

"Naelewa, mzee."

"Hauelewi. Utanitangulia."

"Mimi?"

"We uliingia kwake, ukatoka. Ukaingia tena, ukatoka. Nani mwingine ninaye?"

"Mzee, mimi ni mtoto. Kazi hiyo ni ya watu wazima."

"Wakubwa wameisha," alisema. "Sasa ni zamu ya wanaobaki. Jumapili asubuhi."

Jumapili tulipata basi hadi Kanyosha, kisha tukatembea, mkono wake juu ya bega langu. Alikuwa amevaa kanzu safi na amebeba mfuko wa sukari aliokataa nimsaidie. Njiani alinifundisha maneno, na kila nilipokosea alinirudisha mwanzo. Sikutakiwa kuongeza chochote. Sikutakiwa kueleza, wala kuomba msamaha kwa niaba ya mtu, wala kusema habari za mwaka gani na boti gani. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi kuliko utangulizi wowote niliowahi kuusoma darasani, na niliyakosea mara tano.

Nilimwacha kwenye lango la miti, nikaingia peke yangu. Mama alikuwa kwenye vichanja. Nilisimama mbele yake kama nilivyoelekezwa, mikono ikionekana.

"Nimetangulia," nikasema. "Nyuma yangu kuna mutu. Akubaliwe ao arudi?"

Alitazama lango. Fundi alikuwa amesimama juani, uso umeinuliwa, mfuko wa sukari kifuani. Nadhani hakuwa amemwona kwa karibu tangu wote wawili wakiwa vijana.

"Amezeeka," alisema.

Nilikumbuka kwamba sikutakiwa kuongeza chochote.

"Asimame kwanza."

Akarudi kwenye kazi yake. Alimaliza kichanja alichokuwa nacho, akaanza kingine, nacho akakimaliza kwa uangalifu uleule, samaki kwa samaki. Fundi hakusogea. Jasho lilimtoka, akalifuta kwa kiwiko ili asiuachie mfuko. Kisha mama akajipangusa mikono kwa kitenge.

"Aingie."

Nilimwongoza hadi mlangoni. Mama alimshika mkono, akauweka kwenye fremu ya mlango ili ajue kimo chake, naye akainama, akapita. Nami nikainua mguu kuwafuata, kwa mazoea ya mtu anayeona kila simulizi ni haki yake. Nilikuwa nimeshawaza hata nitakaa upande gani ili nisikie vizuri.

"We, apana," mama alisema. "Ya kwako umeshafanya. Kusanya ndagala zilizokauka, tia kwenye vikapu."

Mlango ukafungwa.

Nikakusanya ndagala. Ukuta ulikuwa wa tofali za udongo na dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia sauti ya mzee ikianza, ileile ya chini, na nilijua kwamba nikihamia kichanja cha karibu maneno yatanifikia. Yalikuwa mambo ambayo hakuna mtu hai mwingine anayeyajua, na miezi michache kabla ningesema kwamba nina wajibu wa kuyahifadhi. Nikachukua kikapu, nikaenda kichanja cha mwisho, karibu na maji. Huko nilisikia tu kwamba mmoja anazungumza, halafu mwingine. Kisha mama aliongea kwa muda mrefu, peke yake, na sauti yake ilipanda, ikavunjika, ikaendelea.

Jua lilikuwa limeshapita katikati alipotoka. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakujaribu kuyaficha. Aliinama juu ya kikapu changu, akaingiza mkono hadi chini, akatoa konzi moja.

"Hizi haziko kavu. Umechanganya."

"Nisamehe, mama."

Akaanza kuzitandaza upya, nami nikamsaidia. Kutoka ndani nilisikia mlio wa sufuria na sauti ya mtoto wa kike akimuuliza babu kama anakula pilipili.

"Mzee atakula hapa," mama alisema. "Pigia mpwa wake, aje kumuchukua jioni. Kama hakuna petroli, aje kesho."

"Sawa, mama."

"Na we nenda. Kwenu ni mbali."

Hakuniambia kilichosemwa, na sikuuliza. Nilishuka hadi ukingoni, nikaosha mikono, nikaisugua kwa mchanga, harufu haikutoka. Kisha nikapanda hadi barabarani nikaanza kutembea kuelekea Kanyosha.